Mliberali Mlangoni mwa Kanisa

Kolwezi, Jumapili, 1959

Eti mimi sina Mungu! Asubuhi katekista alinizuia mlangoni mwa kanisa, nimembeba binti yangu Marie mwenye homa, mimi na mke wangu tukimpeleka kubatizwa.

"Tata Marie, baliberali banakataa Mungu. Rudisha kadi ya chama chabo kwanza."

"Chama hakikatazi mutu kusali," nikamjibu. "Kinasema kila mutu achague mwenyewe, na sheria ikuwe moja kwa mweupe na mweusi."

Alikataa kutupisha.

Jioni homa ilipanda. Mke wangu akalia: je, mtoto akifa bila ubatizo? Niliogopa sana. Lakini mapadri wenyewe walitufundisha kwamba penye hatari ya kufa, Mkristo yeyote aweza kubatiza. Nikachota maji kikombeni, nikambatiza kwa mikono yangu.

Sasa amelala, homa inashuka. Kadi sirudishi.