Udongo Mbichi Kwenye Mtungi wa Tekle

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla sijagombana na ukoo mzima. Mimi naishi kijijini karibu na Telavi, binti yangu Tekle anaolewa baada ya mavuno, na alipozaliwa mume wangu Vazha alimjazia mtungi wa divai akaufukia ardhini bandani, ukafunikwa jiwe, ukazibwa kwa udongo, na haufunguliwi mpaka siku ya harusi mbele ya wageni wote. Sasa mwaka jana mvua ya mawe ilitumalizia zabibu, kijiji kizima hakuna aliyekamua kitu, lakini shemeji yangu Jumber, mdogo wake Vazha, ameweka meza kwenye barabara ya Tbilisi anawauzia watalii divai kwenye chupa za soda, eti ya zamani, na watu wanapanga foleni! Ya zamani kaitoa wapi, mtu ambaye divai yake haijawahi kufika Pasaka bila kuchacha? Nikamtuma jirani aninunulie, nikaonja, jamani, divai ile Jumber hawezi kuitengeneza hata akizaliwa upya. Nikakimbilia bandani, nikakuta udongo wa mtungi wa Tekle mbichi. Vazha akasema, "Mama Tekle, acha umbea, naulowesha usipasuke." Nikamwambia basi tufungue tuonje kidogo, akaja juu: "Unataka kumtia mwanao nuksi?" Tangu siku hiyo ufunguo wa banda analala nao. Jumber naye ananicheka: "Shemeji, unaninusa kama mbwa wa polisi." Nikifungua nimevunja mila, nisipofungua huenda mwanangu akaaibika mbele ya wakwe. Nifanyeje?

Eteri

Dada Eteri, pole sana. Lakini na wewe una lako. Unamtuma jirani kupeleleza, halafu unaogopa aibu! Hiyo habari imeshafika kisimani.

Barua nzima unamwandama Jumber. Haya, ana meza na ana mdomo. Lakini ufunguo analala nao nani? Na kuna jambo hukuliandika kabisa: zabibu zimekwisha, hamkuuza kitu, sasa harusi inagharamiwa na nini? Gauni, ng'ombe, wapiga muziki, vyote hivyo vimetoka wapi? Hukuuliza kwa sababu jibu hulitaki. Kumchukia shemeji ni rahisi zaidi.

Huenda namsingizia mumeo, maana udongo kweli huloweshwa. Ila aliyeambiwa "tuonje kidogo" na mtungi wake umejaa, kwa nini apandishe hasira?

Sasa sikiliza. Usivizie ufunguo. Mtungi huo si wako wala wa Vazha, ni wa Tekle. Leo hii mweke mumeo kitako, Jumber asiwepo, umwambie: tufungue sisi wawili na Tekle, au umweleze binti yako kwa mdomo wako. Kama kauza ili amwoze, ni kosa la baba aliyekwama, mkaripie, kisha mkanunue divai kwenye vijiji ambako mvua ya mawe haikufika. Nuksi ya kuinua jiwe mapema mtaiombea kanisani.

Tekle atalia. Mwache alie jikoni kwenu, mbele ya baba yake, wala si siku ile amevaa shela na wakwe wameshika vikombe.