Siku Beatrice Aliponiuliza Tangu Lini Sioni

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kutoka huku Kibwezi kwa jina la Bwana. Mguu wako uliokuwa unavimba unaendeleaje? Kaka Mutua aliniambia mvua ya huko Tseikuru ilinyesha siku mbili ikaacha, na kwamba mbuzi sasa wanapelekwa mbali kutafuta maji. Pole sana, Mama. Naomba barua hii ikukute umeketi, kwa maana ina habari nzito.

Mutua akikusomea atakuambia mwandiko huu si wangu. Anayeandika ni Beatrice, dada wa kanisa letu. Mimi nasema, yeye anaandika. Kwa simu nimejaribu mara nyingi, lakini nikisikia sauti yako nasema niko sawa, halafu naanza kukuuliza habari za kuku.

Mama, macho yangu yanakufa. Jicho la kushoto limeshafunga kabisa. La kulia bado linaona kidogo. Daktari anasema ni presha ya macho, na kwamba kilichopotea hakirudi. Amenipa dawa ya matone ya kulinda hiki kilichobaki, lakini hata hicho hakuweza kuniahidi.

Ilianza polepole. Nilikuwa nashona nguo za shule, na uzi ukawa hauingii kwenye sindano. Nikajiambia ni uchovu. Nikaanza kugonga watu njiani, wananiita mwenye maringo, eti nawapita bila salamu. Sikumwambia mtu. Fundi asiyeona ni nani atampelekea kitambaa?

Halafu Beatrice akaja dukani. Mamake alikuwa amefariki, na alileta kitambaa cha zambarau ambacho mama huyo alikuwa amejiwekea mwenyewe kwa miaka mingi ndani ya sanduku, kwamba ndicho azikwe nacho. Nilikichora kwa chaki, nikakata. Nilipoinua kipande cha mbele nikagundua mkasi ulikuwa umepita katikati ya kifua. Sikuwa nimeuona mstari wangu mwenyewe. Na kitambaa kama hicho hakikuwepo tena popote sokoni.

Aliporudi nilikuwa nimeketi chini nimekishika. Nilingoja anitukane, kwa sababu nilistahili. Alikitazama, akanitazama, akaketi sakafuni karibu nami. Akaniuliza, "Mwende, tangu lini huoni?"

Hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza hivyo. Nililia mpaka nikashindwa kumwomba msamaha. Tuliunganisha vile vipande kwa mkono, yeye akinitilia uzi, na mamake akazikwa nacho kikiwa na mshono katikati. Beatrice anasema haya tusiyaandike. Nimemwambia barua ni yangu.

Baada ya mazishi alikuja kunichukua twende kwenye kikundi chao cha maombi. Ni watu saba tu, wanakutana kwake Jumatano mchana, upande wa mashamba ya mto. Mimi unanijua, nilikuwa mtu wa kwenda kanisani Jumapili, kukaa nyuma na kutoka mapema. Nilienda kwa sababu moja tu, waniombee nipone.

Waliomba, Mama. Kila Jumatano waliniwekea mikono. Nilikuwa nikisikia amina nafungua macho haraka, naangalia ukuta kama unaonekana vizuri zaidi. Kulikuwa na mama mmoja aliyeniambia labda kuna dhambi nimeificha. Nilirudi nyumbani nikaanza kuhesabu dhambi zangu kuanzia utotoni, hata ile siku nilimdanganya Baba kwamba ndama alitoroka mwenyewe. Nilizitubu zote. Asubuhi iliyofuata nikamwaga chai kando ya kikombe.

Jumatano hiyo niliwaambia ukweli. Nikasema, "Mimi nimemkasirikia Mungu. Mikono hii ndiyo kazi yangu, na ameniachia mikono akachukua macho." Nilidhani watanikemea. Mzee Kilonzo, ambaye ndiye mkubwa wetu, alisogeza kiti chake karibu nami. Akasema, "Mimi maneno yameniishia, binti yangu. Leo tukae tu." Tukakaa. Hakuna aliyeomba kwa sauti, wala hakuna aliyeondoka. Yule mama wa dhambi alikuja akanishika mkono, akaketi ameushika hivyo kama saa nzima.

Sikupona. Nataka ulielewe hilo, usije ukasubiri habari nyingine. Lakini tangu siku hiyo nimeacha kumwendea Mungu kama mtu anayedai. Ninamwambia nilivyo, basi. Kwa kuwa siwezi kusoma tena, kila mmoja wao hunisomea aya moja polepole, tunairudia mpaka ninaishika kichwani. Nimeshika zaburi tatu nzima. Wiki iliyopita Mzee Kilonzo alituambia mwanawe amekataa kuongea naye, akaomba mtu amwombee. Nikasikia sauti yangu ikianza. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuomba mbele za watu, na sikutaja macho yangu hata kidogo.

Bado kuna siku nashindwa kabisa. Cherehani nimeifunika. Beatrice hunitia dawa, matone mengine yanaishia shavuni, na sote wawili tunajua hatuwezi kuzuia kinachokuja. Ninaogopa, Mama. Sijui nitakuwa mtu wa aina gani.

Nakuomba mambo mawili. Usinitafutie mganga wala mhubiri wa kuja kuniombea, hata shangazi akikusukuma. La pili, nakuja nyumbani shule zikifungwa, ndipo Beatrice atakuwa na nafasi. Atanisindikiza kupitia Mutomo na Kitui hadi Mwingi. Mutua aje anipokee hapo, anishike mkono bila kuona aibu.

Msalimie Mutua, kaka yangu anayekusomea haya, na mkewe, ambaye najua anakutunza kuliko sisi tuliozaliwa kwako. Msalimie shangazi, dadake Baba, na umwambie hasira zake za kukataliwa mganga nitazisikiliza nikifika. Wasalimie akina mama wa kanisa la hapo nyumbani. Sasa ndio naelewa kwa nini ulikuwa huwezi kukosa siku yao ya maombi, hata mvua ikinyesha.

Nikifika, Mama, tuketi nje mchana, penye mwanga, wewe ukae mbele yangu karibu. Najua utataka kulia. Siku hiyo ya kwanza jikaze, ulie kesho yake. Nataka niutazame uso wako vizuri, ukiwa umetulia, kwa muda mrefu.

Ni mimi binti yako,
Mwende