Boti Iliyolala Kwenye Njia ya Bomba

Melini, Bahari ya Kaspi
14 Machi 2003

Mama yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Natumai u mzima na mguu umepunguza ukorofi. Mimi sijambo, ila pua imebabuka kwa upepo.

Nisamehe, sikukuu hii ya Nairuzi sitakuwa nyumbani. Gesi waliyoigundua huku ni nyingi, nayo inapanda pamoja na mafuta mepesi mithili ya petroli. Kabla ya kusimamisha jukwaa la kuchimbia na kulaza bomba hadi nchi kavu, sharti sakafu ya bahari ikaguliwe. Tunateremsha roboti yenye taa na kamera, kisha mimi na mzee Vagif, anayeiendesha, tunakaa mbele ya kioo tukitazama tope. Kutwa nzima tope. Vagif anasema, "Binti, hii ndiyo sinema pekee ambayo mke wangu haniulizi nani kampenda nani."

Nakutumia soksi za sufu kwa mkono wa Nadir, yule wa mtaa wa pili, anayeshuka Ijumaa.

Binti yako,
Solmaz

Lankaran
2 Aprili 2003

Mwanangu Solmaz,

Salamu zimefika, na soksi pia. Mimi nipo, nashukuru Mungu. Mguu ni ule ule. Michai imeanza kuchipua. Tahira wa jirani alikuja kula Nairuzi, hata hajaketi sawasawa akaanza: "Bintiyo atazeekea majini, mwisho aolewe na samaki." Nikamwambia, "Afadhali samaki, hasengenyi watu."

Sasa nisikilize. Yuko dereva amerudi kutoka ng'ambo, kwa Waturkmeni. Kaona gatini mwanamume anapakua saruji, anasema lugha yetu, na nyusi zake zimeungana. Nyusi zimeungana, Solmaz. Nani huyo kama si kaka yako Ramin? Boti iliyompeleka kazini yeye na wenzake ilipotelea upande huo huo, na hakuna aliyewahi kuniletea hata kiatu chake. Waulize wenzako wanaovuka.

Mulla wa msikitini alikuja tena na habari zake za hitima, eti miaka sita inatosha. Nikampa chai, nikamwambia katika nyumba hii hasomewi hitima mtu aliye hai. Baba yako alikufa akimsubiri. Mimi bado namsubiri.

Mama yako

Melini
19 Mei 2003

Mama mpenzi,

Salamu. Kabla hujaendelea, nakuomba umwite Tahira akae nawe. Jambo hili lilitaka uso kwa uso, lakini zamu yangu haijaisha, na Nadir anashuka kesho, naye hajui kunyamaza. Afadhali ulisikie kwangu.

Juzi asubuhi tulikuwa tukikagua njia ya bomba, pakatokea umbo kwenye kioo. Boti, imelala ubavu. Vagif akasogeza taa taratibu mpaka jina likasomeka. Akavua kofia. Anajua kaka yangu alipanda boti gani kwenda kazini. Ndiyo yenyewe, Mama. Boti ya Ramin na wenzake.

Sikuona mtu. Mlango wa chumba cha abiria umefungwa, na tope limejaa mpaka madirishani. Hawakuwahi kutoka.

Kuna la pili. Hawawezi kuiinua, kina ni kirefu mno. Wakubwa wanataka kuivuta kwa nyaya za chuma, waitupe kando, bomba lipite moja kwa moja. Vagif kawaambia itakatika vipande vipande. Wamesema watazisikiliza familia kwanza, ofisini Baku, katikati ya mwezi ujao. Sijui hata nikuombe nini.

Binti yako,
Solmaz

Melini
11 Juni 2003

Mama,

Hujambo? Sijapata neno lako. Nilipiga simu kwa Tahira, akasema uko bustanini unapalilia, hutaki kuja kwenye simu. Nikamwuliza kama unakula. Akasema, "Anadonoa kama shomoro."

Nitukane ukipenda, lakini niandikie. Kikao ni keshokutwa. Nimeomba ruhusa wamenikatalia, hakuna wa kushika kiti changu.

Solmaz wako

Lankaran
28 Juni 2003

Mwanangu,

Salamu. Mwili wangu ni mzima. Usikasirikie kimya changu. Barua yako niliichukia, na wewe nikakuchukia siku kadhaa, kisha ikapita.

Nilikwenda Baku, peke yangu, kwa basi. Mlangoni pa ofisi msichana akaniuliza, "Bibi, wewe ni nani?" Nilitaka kusema mimi ni mama yake Ramin. Ikatoka, "Mama wa marehemu Ramin." Nilisikia kama neno hilo limesemwa na mtu mwingine. Ikabidi niketi pale pale kwenye ngazi, yule msichana akaniletea maji.

Ndani walikuwa na maneno mazuri. Mmoja akaeleza kwamba wakiizunguka boti, kazi itachelewa. Nikamwuliza, "Baba, mama yako yu hai?" Akasema yu hai. "Basi leo ukifika nyumbani mwulize kama angekubali uburutwe kwa waya." Mwanamke mmoja wa Astara, mumewe alikuwa boti ile ile, akaangua kilio, na sisi wengine tukamfuata. Mwisho wamekubali bomba lipinde kuizunguka boti.

Juzi tumesoma hitima. Tahira alisonga halua mpaka mkono ukavimba. Kutwa nzima hakumrushia mtu kijembe, nikajua kweli kuna msiba. Watu walipoondoka nilikunja nguo za Ramin. Kila Nairuzi nilikuwa nikimnunulia shati, kubwa kidogo kuliko la mwaka uliopita, kwa kuwa nilidhani atakuwa amenenepa. Nimeyagawa yote.

Nina swali moja, na usinifiche. Kule chini kuna baridi kiasi gani?

Mama yako

Melini
9 Julai 2003

Mama yangu,

Salamu. Pole, na ahsante kwa kwenda mahali ambapo mimi nilishindwa kufika.

Ni nyuzijoto sita, Mama. Kiangazi na kipupwe ni hizo hizo. Mawimbi hayafiki kule, hata siku ya tufani.

Leo tumemaliza kukagua njia mpya ya bomba. Inapita mbali naye. Kabla hatujaipandisha roboti, Vagif aliirudisha kwenye boti, akaisimamisha karibu na dirisha, akaniuliza kama nataka kutazama ndani. Nikamwambia hapana. Akazima taa.

Binti yako,
Solmaz