Malazi kwa Mama Mkwe, Siku Nne: Bure

Mpendwa Mama Gesare,

Kabla hujasoma mstari wa pili nakusihi ufunge mlango, na ukimaliza barua hii uifungie sandukuni, kwa maana mimi ni karani na najua jinsi karatasi zinavyotembea, na hii ikitembea hadi ofisini kwetu hapa Migori sitakuwa na uso wa kumwonyesha mtu.

Naomba msaada wako, kama unavyowasaidia wengine gazetini. Nina miaka ishirini na saba, nina mke, Filister, na watoto watatu, na tangu Januari nimekuwa nikiweka pesa kidogo kidogo ili Agosti hii ya 1967, shule zikifungwa, niwapeleke chini ya Mlima Homa, ng'ambo ya Homa Bay, wakaone maji yanayotoka ardhini yakichemka yenyewe bila kuni, kwa sababu binti yangu Bathsheba wa miaka saba aliambiwa shuleni kwamba chini ya ardhi kuna moto, akaja kuniuliza kama ni kweli, nami nikamwahidi kwamba ataona kwa macho yake na atapika yai humo, na tangu siku hiyo hapiti mtu njiani bila kuelezwa habari ya hilo yai.

Makadirio niliyaandaa kwa uangalifu: basi kwenda na kurudi shilingi ishirini na nne, watoto wawili nusu nauli na mchanga bure mapajani, mashua shilingi sita, chakula kumi na mbili, sukari, majani ya chai na sabuni za mama mkwe shilingi nane, dharura kumi, jumla sitini kamili. Tungekaa kwao Filister, maana boma lao liko karibu na chemchemi, na mimi nilikusudia kulala kwa shemeji yangu Fanuel, ambaye nyumba yake iko ndani ya boma hilo hilo, kwani kwetu Wajaluo mwanamume halali katika nyumba ya mama mkwe wake, na hilo nalijua tangu utotoni. Lakini kwenye karatasi nilifupisha kama tunavyofupisha ofisini, nikapiga taipu, "Malazi kwa mama mkwe, siku nne: bure", kisha, Mungu anisamehe, nikampelekea yeye mwenyewe nakala ya kaboni, kwa sababu kazini nimezoea kwamba kila anayetajwa kwenye karatasi hupata nakala.

Mama mkwe wangu, Phelesia, hajui kusoma. Nakala ile alisomewa na Cephas, mwalimu wa kanisa, mbele ya akina mama waliokuwa uani wakipukuchua mahindi, naye Cephas husoma kwa sauti kubwa na haruki neno. Wiki iliyopita Rispa, anayeleta omena, dagaa wa ziwani, kutoka kwao Filister hadi sokoni Migori, alinipa jibu lake mbele ya wateja wake.

"Karani, mkweo anakusalimu. Anasema wanaolala kwake bure ni kuku na paka. Kuku hutaga, paka hukamata panya. Anauliza, wewe utafanya lipi?"

Watu wakacheka. Nikamwuliza polepole kama mama alikuwa amekasirika.

"Mimi nauza omena," akasema. "Hasira sikupewa nibebe."

Filister nilipomweleza alicheka hadi akakaa chini, kisha akasema, "Baba Bathsheba, mama yangu umemwandika sufuri." Tangu hapo hajaligusa tena jambo hilo, ila amefua nguo za watoto na kuzikunja.

Mama Gesare, kinachoniumiza ni kwamba hakuna mtu ninayemstahi kama mama huyu. Alifiwa na mumewe wakati Filister yuko darasa la tatu, akamsomesha hadi mwisho kwa kuuza vyungu alivyofinyanga mwenyewe, na asubuhi huutazama mvuke tu akajua ni shimo gani litamuunguza mtoto na ni lipi linafaa kuoshea miguu ya mgonjwa. Nilipokwenda kuposa, wajomba wakinihoji habari ya ng'ombe, alinitumia kwa mkono wa mtoto yai lililochemshwa kwenye chemchemi, bado lina moto, na ujumbe kwamba kijana asiulizwe neno jingine kabla hajala. Sijawahi kumshukuru, maana kwetu mkwe hasimami akazungumza na mama mkwe uso kwa uso.

Safari ni Jumamosi, tarehe kumi na tisa, na likizo nimepewa hiyo moja tu. Nikienda, naogopa nitakuta lango limefungwa mbele ya watoto wangu. Nisipokwenda, Bathsheba atajua kwamba baba yake ni mtu wa kuahidi na kuogopa. Nifanye nini?

Usinijibu ofisini, karani mkuu hufungua kila bahasha. Tuma dukani kwa Abdurahman, karibu na kituo cha basi, na juu yake uandike "Mteja wa Mafuta ya Taa". Ataiweka chini ya mizani na hatauliza. Mimi hupita pale kila Jumatano jioni.

Karani mwenye hofu,
Migori

*

Karani,

Mlango niliufunga, na majina yote, hata la duka, nimeyabadilisha kabla mpiga chapa hajayaona. Sasa pumua.

Nianze kwa kukusifu. Baba anayejinyima miezi minane ili mtoto aone ardhi ikichemka ni baba wa kweli, na hesabu yako ni safi kuliko nyingi ninazoletewa na watu wenye mishahara mikubwa.

Lakini mstari mmoja umeuharibu. Habari ya kulala si kitu, Phelesia anajua utalala kwa Fanuel, na wale wa mahindi wanajua pia. Kilichomchoma ni neno la mwisho. Mwanamke atakayewapikia wanao siku nne na kuwashika mkono kwenye mvuke, umemweka safu moja na mtoto mchanga anayepanda basi bila nauli. Wala usikimbilie kumwandikia bei. Hata kwetu Kisii, mkwe akilipia malazi amemgeuza mama mkwe kuwa mwenye hoteli, na hapo hata yule paka hatakupokea.

Lango halijafungwa. Aliyefunga lango hatumi mzaha, hunyamaza. Yeye amekuuliza swali na anangoja jibu, na wewe umekaa Migori ukitetemeka.

Mtafute Rispa kesho, aende na jibu hili: kuku atage, paka akamate panya, na karani atajenga uzio kuzunguka lile shimo linalounguza watoto. Utaujenga kwa mikono yako, Fanuel akuonyeshe pa kukata miti. Zile shilingi kumi za dharura, dharura yenyewe imeshafika. Zinunulie blanketi la mama huyo hapo hapo unapochukulia barua hii. Na yale yote uliyonisifia huyu mama, mwambie Filister leo kwa mdomo wako. Yeye ana ruhusa ya kukaa na mama yake, atayafikisha.

Jumamosi panda basi. Ukifika, simama mbali panaposimama mkwe, na umtume Bathsheba mbele na blanketi. Akirudi na yai lina moto bado, limenye, ule, na usiliandike popote.

Mama Gesare