Siku Baba Tumaini Alipopotelea Kwenye Mawe

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuamkia nikiwa jikoni, na nje inanyesha ile mvua nyembamba isiyokatika, kama ya kwetu Lukozi wakati wa baridi. Magoti yanaendeleaje? Ile dawa ya kuchua uliyoletewa kutoka Tanga imesaidia, au bado unashuka bondeni ukiegemea jembe? Viazi vimetoka vizuri mwaka huu? Na Tumaini, jino lake la mbele limeshaota? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Nasema mwili kwa sababu kuna mengine, na hayo ndiyo yaliyonifanya nichukue karatasi badala ya simu. Simu yako mnaiweka sauti ya juu, nyumba nzima inasikiliza, na mwanangu anakuwa amekaa mapajani kwako. Haya yasome peke yako, Mama, ukishamaliza kukamua ng'ombe.

Mkweo Elia alikuambia kwamba aliteleza kazini, kwenye banda la nyanya, akavunjika mguu. Mguu umevunjika kweli. Lakini hakuteleza kazini, na sikupenda kumsikia akikudanganya. Nilimwambia nitakuandikia. Akasema niandike.

Ilikuwa Jumamosi. Unajua tunavyoishi huku Aisilandi: Elia yuko kwenye mabanda ya vioo yanayopashwa joto na maji yanayochemka yenyewe ardhini, mimi nafanya usafi kwenye nyumba ya wageni. Siku zetu za mapumziko hazikutani. Safari hii zilikutana, na Elia akaazima gari la mwenzake wa kazini, akasema twende tukaione nchi, maana tukiulizwa tulichokiona tutabaki kutazamana. Alipika chapati mwenyewe. Alijaza chupa ya chai. Njia nzima alikuwa akinionyesha hiki na kile kama mtu anayemtembeza mgeni, na mimi nilikuwa nacheka huku nikimchunguza. Wewe unamjua Elia. Si mtu wa maneno mengi. Akiwa na maneno mengi ujue kuna neno moja analolikwepa.

Tuliona mahali ambapo ardhi inatoa moshi kama tanuri la mkaa, na tope linachemka shimoni bila moto. Tuliona maporomoko ya maji ambayo yale ya Soni yangekuwa mtoto mbele yake. Ni nchi nzuri, Mama, siwezi kusema uongo. Lakini haina miti. Mtu aliyekulia pembeni mwa msitu wa Magamba anajiona kama amevuliwa nguo.

Mchana tukafika kwa mama mmoja mzee anayefuga kondoo na kuwafundisha wageni kazi za sufu. Anaitwa Asta. Huku kila mtu anaitwa kwa jina lake tupu, hata mzee, ila mimi nimeshindwa, namwita Bibi Asta. Tulizungumza kwa Kiingereza, chake cha taratibu na changu cha shule. Alinionyesha kwamba sufu ya kondoo wao ina tabaka mbili: juu nywele ndefu ngumu zisizopitisha mvua, chini manyoya laini yanayotunza joto. Anazitenganisha kwa mkono, anazichana, ndipo anasokota. Akanikalisha kwenye gurudumu lake la kusokotea, nikanyage kwa mguu huku mkono ukiachia sufu kidogo kidogo. Uzi wangu ulikatika kila mara. Akasema navuta kwa woga.

Ukutani alikuwa ametundika masweta ya kufuma, yale yenye mapambo yanayozunguka shingo na mabega. Moja lilikuwa dogo. Nililishika bila kufikiri. Bibi Asta akauliza kama tuna mtoto, nikamwambia tunaye mmoja, ana miaka sita, yuko kwa mama yangu. Akauliza anakuja lini. Nikamgeukia Elia ili ajibu yeye, kwa sababu yeye ndiye anayeshughulika na vibali. Elia alikuwa anatazama dirishani.

Bibi Asta aliliona hilo, nadhani, maana alibadilisha mazungumzo. Akatuonyesha jiwe kubwa nyuma ya zizi. Barabara imepindishwa kulizunguka, kwa sababu wazee wao waliamini ndani yake wanaishi watu wasioonekana, wenye nyumba zao na kondoo wao. Akasema bibi yake alikuwa akiwaonya watoto: ukungu ukishuka ukasikia unaitwa, usiifuate sauti mpaka uwe na hakika ni ya nani. Elia akacheka. Yule mama hakucheka. Alisema yeye mwenyewe hajui kama anaamini, ila jiwe hawezi kuligusa. Kisha akatuonya kwa jambo lisilo la hadithi: uwanda ulio mbele ya nyumba yake ni mawe ya volkano yaliyoganda, juu yameota majani laini mazito kama godoro, na chini ya hayo majani kuna nyufa zinazoweza kummeza mtu. Njia imewekewa vigingi vya njano. Tusitoke kwenye vigingi.

Tukaenda, mimi na Elia, tukifuata vigingi. Palikuwa kimya, hata ndege hamna. Hapo ndipo akasema.

"Mama Tumaini, nimesaini."

Nikamuuliza amesaini nini. Akasema mkataba wa miaka mitatu mingine, kwenye mabanda. Alisaini kabla ya Pasaka. Miezi yote ile, Mama, nilipokuwa namwambia Tumaini kwenye simu kwamba viazi vikichimbwa tutakuwa tumerudi, yeye alikuwa amekaa pembeni yangu anasikia, na anajua.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema alitaka niione nchi kwanza, labda ningeipenda. Akaanza kueleza habari za nyumba ya kule Lukozi ambayo bado haijaezekwa, na shule nzuri ya mtoto. Sikumwacha amalize. Nilimwambia mtoto hasomeshwi na paa. Nilimwambia alioa mke, hakununua mzigo wa kubeba anakotaka. Akasema mimi sijui anavyovumilia kwa ajili yetu. Nikamwambia basi aendelee kuvumilia na mawe yake, mimi nitakwenda kulea mwanangu.

Alitoka kwenye njia, akaanza kutembea juu ya yale majani laini, mikono mfukoni, kama anavyofanya akiwa na hasira nyumbani, anapozunguka shamba hadi imtoke. Na mimi nilimwacha aende. Nilikaa juu ya jiwe nikampa mgongo.

Ukungu tunaujua, Mama. Tumezaliwa ndani yake. Lakini wa kwetu unapanda kutoka bondeni polepole na unauona unakuja. Huu ulitoka baharini kama mlango unaofungwa. Nilipogeuka sikuona mtu, wala kilima, nikaona kigingi kimoja tu. Nikamwita. Nikamwita tena kwa nguvu. Kimya. Nikajaribu simu yake. Baadaye niliikuta garini, alikuwa ameiacha inachaji.

Hasira iliniisha palepale. Nilitaka kumfuata. Nilishaweka mguu mmoja kwenye yale majani, ukazama hadi gotini, na chini sikugusa kitu. Nikaurudisha. Nikarudi kwa Bibi Asta nikishika kigingi hadi kigingi, nikilia na kukimbia.

Yule mama hakuuliza maswali. Alipiga simu kuita watu wa uokoaji, ambao huku ni wanakijiji wanaojitolea, akachukua mbwa wake na filimbi, akanivisha koti lake la sufu juu ya langu, tukarudi njiani. Pale nilipomwambia ndipo Elia alipoiacha njia, Bibi Asta akapiga filimbi. Tukasikiliza. Nikasikia kama mtu anaitikia upande wa kulia, nikataka kwenda. Yule mama alinishika mkono, Mama, mkono wa mtu aliyeshika kondoo maisha yake yote.

"Ukiingia na wewe, tutakuwa tunawatafuta wawili," akasema. "Hujui hiyo ni sauti ya nani. Mwite kwa kitu anachokijua yeye peke yake."

Sikujua kama anasema habari za wale watu wa kwenye jiwe au anasema tu kwamba ukungu unadanganya masikio. Sikuwa na muda wa kuuliza. Nikamwita kwa Kishambaa, kwa jina la utani alilopewa na marehemu bibi yake, ambalo huku hakuna binadamu anayelijua. Nikamwambia aseme alipo.

Jibu lilitoka kushoto. Kushoto kabisa, kinyume na nilikotaka kwenda. Kwa Kishambaa, sauti ya chini, akasema nisiende, ardhi ina mashimo, mguu umebanwa na mawe.

Hapo nikadhani yameisha, kumbe ndiyo yanaanza. Hatukuweza kumfikia. Bibi Asta akasema nimfanye aendelee kuzungumza, asilale, maana alikuwa amevaa koti la pamba na lilikuwa limelowa. Basi nikasimama pale kwenye kigingi nikazungumza. Nilimuuliza majina ya ng'ombe wa baba yake. Nilimuuliza siku ya posa yetu nani alimwaga pombe ya miwa. Alijibu. Kisha akawa anajibu neno moja moja. Kisha nikauliza, nikauliza tena, pakawa kimya, na mbwa akaanza kulia taratibu. Mama, katika kile kimya nilijiona nimesimama uani kwako, Tumaini ananitazama usoni, anangoja nimwambie baba yuko wapi. Nilipiga kelele mpaka koo likatoka damu.

Watu wa uokoaji walifika na kamba na fimbo ndefu za kupimia chini kabla ya kukanyaga. Walikwenda kushoto nilikowaonyesha. Walikawia. Walipotokea kwenye ukungu walikuwa wamembeba kwenye machela, uso umekuwa wa kijivu, macho yako wazi. Bibi Asta akamfunika blanketi la sufu, akasema sufu inapasha joto hata ikilowa, akawa anamsugua mikono kama anayemsugua mwana-kondoo aliyezaliwa kwenye barafu. Elia alinitazama.

Hospitali walimfunga mguu kwa vyuma. Jioni moja nilipompelekea uji ndipo alipozungumza. Akasema:

"Nilipokuwa kule chini nilikusikia vizuri hata pale ambapo sikuweza tena kujibu. Nikawaza, huyu mwanamke nimemdanganya tangu Pasaka, na bado anapiga kelele."

Alilia. Nilimshika mkono. Lakini Mama, nikuambie ukweli wote: kumwonea huruma si sawa na kumaliza hasira, na hasira bado ninayo.

Mkataba upo. Elia atabaki, kwanza kwa sababu ya mguu, pili kwa sababu alishatoa neno lake kwa watu wa watu. Mimi nakuja nyumbani. Tiketi imekatwa, nitakuwa hapo kabla ya mvua za vuli. Anataka baadaye nirudi huku na Tumaini. Nimemwambia sijui kama nitarudi, na amelipokea jibu hilo bila kubishana. Hatujaachana. Ila hatujui, na sote wawili tunajua kwamba hatujui. Naomba usinipangie jibu kabla sijafika, na usimkasirikie akipiga simu.

Nisalimie kaka mkubwa na wifi yangu, mwambie wifi kitambaa chake ninacho. Msalimie shangazi wa Kwai, na mchungaji, aendelee kutuombea bila kutaja sababu kanisani. Kwa mama mkwe naomba uende wewe mwenyewe, ukae naye chini, umwambie habari za mguu taratibu; haya mengine nitamwambia mimi nikija.

Jambo la mwisho, na hili ndilo kubwa. Tumaini usimwambie kwamba nakuja. Nikishuka kwenye basi Mombo nitakupigia, ndipo umwambie. Ukimwambia mapema atakuwa anakaa barabarani kila siku, na safari hii sitaki angoje.

Ni mimi binti yako ninayekupenda,
Naomi, Mama Tumaini