Ubao wa Rangi na Benchi ya Mama Feza

Jumatano, Mangobo, Kisangani. Joto. Wingu limekaa juu ya mtaa kama kifuniko juu ya sufuria ya mboga ya pondu, na mvua haijaamua.

Shajara, leo usinicheke. Kesho iko karibu sana.

Unanijua. Mimi ndiye Dieumerci, asubuhi dereva wa moto-taxi, pikipiki ya abiria, mchana "Prof" wa wamama wanaojifunza kusoma katika chumba nyuma ya kapela. Shule niliiacha mwaka wa nne wa sekondari, kabla haijaniacha yenyewe. Lakini kijana akisimama na chaki mbele ya wamama wazima wa soko, na wanamjibu kwa sauti moja, muulize kama anakumbuka habari ya diplome. Hakumbuki.

Na walikuwa wanajibu! Mpaka wachoma nyama wa ng'ambo ya barabara walijua somo langu kwa kichwa. Mimi natembea kati ya benchi, mikono nyuma, shingo ndefu.

Ufundi wangu ulikuwa ubao. Chaki ya hapa inalowa unyevu, inavunjika, inakwisha. Bon, nikamwita rafiki yangu Bijou, anayechora vibao vya saluni. Akaniandikia masomo yote kwa rangi ya mafuta, nyeupe, herufi zenye kivuli. Hazifutiki! Kila siku naanza juu kushoto, fimbo inashuka, wamama wanaimba, tunafika chini kulia, tunapiga makofi. Nilijisifu kila kona: hakuna mwalimu mwingine Kisangani mwenye ubao kama huu.

Ni kweli. Hakuna.

Jana aliingia Maman Hélène, anayesimamia madarasa yetu. Alisikiliza wimbo mpaka mwisho. Hakupiga makofi. Akachukua fimbo mkononi mwangu, akaiweka juu ya neno moja katikati ya ubao, akamtazama Mama Feza.

Mama Feza anauza kwanga, mikate ya muhogo, sokoni. Ndiye sauti ya darasa. Yeye ndiye aliyewaleta wenzake. Akiketi wanaketi, akiondoka wanaondoka. Nilitabasamu, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kumwambia Maman Hélène kwamba huyu anasoma kupita watoto wa sekondari.

Neno lilikuwa "samaki."

Mama Feza akasema, "Mama. Meza. Mimea."

Alianzia mwanzo wa ubao, maana hiyo ndiyo njia pekee niliyompa. Maman Hélène akahamisha fimbo chini. Mama Feza akaanza tena: mama, meza. Mara ya tatu sauti yake ilikatika, na wenzake wote wakatazama miguu yao.

"Prof," akasema Mama Feza, polepole. "Siku zote hizi ulikuwa unatufundisha kusoma, ao kuimba ukuta?"

"Mama, ile—"

"Hapana niite mama! Umenifanya kasuku mbele ya mugeni."

Akabeba beseni lake, akatoka. Benchi yote ya mbele ikamfuata.



Maman Hélène hakupiga kelele. Afadhali angepiga. "Dieumerci, somo ulilipanga juu ya ubao. Hukulipanga juu ya watu. Niambie, nani anajua herufi tu? Nani anajua kuziunganisha? Nani alijua kusoma kabla hajaingia hapa? Na kila mmoja alikuja kutafuta nini?"

Nilisema, "Wote wanaendelea vizuri, Maman."

Jibu la bure kabisa.

"Alhamisi narudi," akasema. "Nitataka kuona mpango wa kila kundi, na nitataka kuona wanafunzi wenyewe. Nikikuta wimbo, ao nikikuta benchi tupu, darasa nampa kijana mwenye diplome ya pedagojia."

Namjua huyo kijana. Anafunga shati mpaka kifungo cha koo, katika joto hili, na kila sentensi anaimalizia na "n'est-ce pas." Wamama watalala. Lakini wamama wakilala kwake ni shauri lake, wangu wamekimbia.

Donc leo sikubeba wateja. Nilikata boksi la sabuni, nikaandika maneno ovyoovyo, bila mpangilio, nikazunguka soko. Nilikaa karibu na kila mmoja kwenye meza yake, nikaonyesha neno, nikanyamaza. Kunyamaza ndiyo ilikuwa kazi ngumu.

Mama Aziza, yule wa Maniema anayeuza viungo, alisoma boksi lote bila kusimama, mpaka jina la sabuni. Alisoma akiwa mtoto!

"Sasa kwa nini hukusema, Mama Aziza?"

"Mutoto, nilingoja uniulize. Nilikuwa nakuja kupumzisha miguu."

Dada wawili wa Yanonge wanajua herufi mojamoja, lakini wakiziweka mbili pamoja zinagombana. Tantine Véro, mzee wetu, hajui hata moja. Alikuwa amejua mapigo tu, kama mutu wa ngoma. Na alikuwa anaimba kwa nguvu kuliko wote!

Nikajiuliza: nilikuwa namfundisha nani?

Mama Feza nilimwacha mwisho. Sema ukweli, Dieumerci: kwa woga.

"Aaa, Prof wa rangi!" akaita kabla sijazima pikipiki. "Leo unauza maboksi?"

Soko lilicheka. Bon. Nikacheka nao kidogo, sura imeniungua.

"Mama Feza, nimekuja na swali moja tu. Weye ulitaka kusoma nini?"

Alipanga kwanga zake, akazipangua, akazipanga tena. Nilifikiri amenipuuza.

"Jina la baleinière, ile mashua ya mizigo," akasema, bila kuniangalia. "Kwanga yangu inatoka Isangi. Kila mara nashuka beach, pale mashua zinapofunga mtoni, naulizia vijana wa mizigo, ya Isangi iko wapi? Wananituma kule mwisho, katika tope. Nafika, si yenyewe. Narudi, kumbe iko pale nilipoanzia. Wanakufa na kicheko. Njo vile. Nilitaka siku moja nishuke, nisome jina, nipite mbele yao bila kuuliza mutu."

"Inaitwa nani?"

"Neema."

Kwenye ubao wangu hakuna chombo hata kimoja. Kuna "mimea." Nani alishuka beach kutafuta mimea?

Niliandika NEEMA kwenye boksi, nikafunika mwanzo kwa kidole.

"Ma," akasema, haraka. Kisha akanitazama kwa mashaka. "Hii ni ile ma ya mama?"

"Yenyewe."

Nikafungua mwanzo. Midomo yake ikajaribu, ikaacha, ikajaribu. Mteja akaja, akanisukuma na kiwiko, na ikaishia pale.

"Utakuja kesho?" nikauliza.

"Nitaona."

"Mama Feza, tafadhali—"

"Nimesema nitaona. Toa moto yako, unafunika biashara."

Hapa kwetu mama akisema "nitaona," hata askofu hajui maana yake.

Nimetoka kukwangua ubao kwa panga. Bijou alikataa kunisaidia. Alisimama mlangoni kama kwenye kilio. "Ndugu, ile ilikuwa kazi ya mikono yangu!" Rangi imebanduka vipandevipande, mikono inauma. Neno la juu kushoto bado linaonekana kidogo, kama kovu.

Mpango wangu niliuandika nyuma ya boksi. Mama Aziza atasoma matangazo ya kapela na kuwasaidia dada wa Yanonge, tutaanza na herufi mbilimbili zinazogombana. Tantine Véro ataanza na herufi za jina lake, na mapigo yake yatatusaidia kuhesabu silabi. Sijui kama Maman Hélène ataita huu mpango. Una madoa ya sabuni. Lakini kila jina lililomo, nimekaa karibu na mwenyewe.

Mvua imeamua. Inanyesha, na tope la Mangobo linajua kufunga watu nyumbani.

Benchi ya mbele nimeipanguza. Kesho, kabla Maman Hélène hajasema bonjour, nitaandika NEEMA kwa chaki, herufi kubwa, inayofutika.

Na kama benchi ni tupu?

Darasa watanipokonya, sawa. Mimi nitashuka beach kumngojea Mama Feza. Pale neno liko tayari, ubavuni mwa baleinière, na limeandikwa kwa rangi.