Tonton Déo, Nilikanyaga Mafuta

Tonton Déo,

Siku kumi na moja sasa silali vizuri, na hapa hakuna mutu ninayeweza kumwambia sababu. Pa Kasha wananisalimu kama shujaa. Kisha misa wamama wananishika mukono: "Nsimire, Mungu akubariki, uliokoa mama na mutoto." Mimi naangalia chini. Nitakuambia wewe, kwa sababu wewe ulikufa mu ugomvi wa barabarani kama huo wangu, na mimi nilikuwa pale.

Kwanza habari za nyumbani. Maman Odile, mujane wako, anaendelea, ni magoti tu inamusumbua. Mwaka muzima kisha kukuzika hakutaka mutu aguse gari yako. Ilibaki mu parseli ya nyumba, tairi zikaisha pumzi, kuku zikaanza kutaga chini yake. Halafu siku moja akaniita mbele ya watoto wenu wote, akasema: "Hii gari haiwezi kuendelea kulia na mimi hapa. Ni wewe Déo alifundisha. Iendeshe." Nilitaka kukataa. Lakini angeniuliza kwa nini, na mimi ningejibu nini? Nikapokea.

Kwa hiyo ni mimi niko na gari yako, Tonton. Nafanya kazi ya kuzalisha pale kwenye kituo cha afya pa Kasha, na kwa sababu kituo hakina ambulansi, gari yako ndiyo inashusha wamama mpaka lopitali ya mujini wakati uzazi unakuwa muzito.

Barabara unazijua, mashimo ni yale yale. Watu ndio si wale. Zamani ulikuwa unaweza kutaja shofere kwa jina, na mama yake, na mutaa yake. Siku hizi jeep inakuja na vioo vyeusi, hujui ndani kuko nani, na hautaki kujua. Bamotari wanapita na pikipiki zao kuume na kushoto kama nzige. Kila mutu yuko na haraka, kila mutu yuko na hasira. Mimi nikisikia klaksoni nyuma yangu, najibana kando ya barabara. Naachia kila mutu apite. Wananicheka: "Mama, gari ni ya kutembea ao ya kulala?"

Unakumbuka barabara ya Lwiro? Siku ya yenga, kisha misa, ulikuwa unanipeleka kule kujifunza, kwa sababu kulikuwa vumbi na mbuzi tu. Uliniambia: "Volani yetu, huu usukani, iko kuume, na sisi tunatembea kuume. Shofere peke yake haoni kule mbele. Lazima mutu wa kushoto amupe macho." Toka nikiwa na miaka kumi, mutu wa kushoto nilikuwa mimi. Ukitaka kupita lori, unasema tu, "Macho, Nsimire!" Mimi natoa kichwa mu dirisha, nasema "Bado," ao nasema "Pita." Hukunikatalia hata siku moja. Uliweka maisha yako mu kinywa changu, mimi mutoto wa dada yako, na ulikuwa unapiga mluzi.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinaniudhi. Mutu akikutukana, ulikuwa unagusa kofia na kusema, "Aksanti, muzee." Hata kwa kijana ambaye hajaota ndevu! Nilikuwa naona haya. Nilikuwa nawaza, Tonton yangu ni mwoga.

Ndiyo maana pale Nyawera, mujini, siku lori ya muchanga ilikwaruza gari yetu na shofere wake akacheka, mimi nilitoa kichwa. Ulikuwa haujasema kitu. Ni mimi nilipiga kelele: "Mujinga we! Mutoto wa bure!" Uliniambia polepole, "Funga dirisha." Lakini yule shofere wa lori alikuwa amekwisha kushuka. Na wewe ukashuka ili kumuomba pardon kwa ajili yangu. Nilikuona unagusa kofia. Alikupiga mara moja tu, na kichwa yako ikaangukia mawe ya kanivo, ule mufereji wa barabara. Nilikushika mpaka lopitali, nikikuambia "macho, Tonton, macho." Kisha siku mbili ukaenda. Yule mutu alipanda lori yake akapotea. Watu walitupatia majina matatu tofauti, na hakuna hata moja lililokuwa la kweli.

Maman Odile hajui kwamba ni mimi nilitukana. Anajua tu kwamba ulishuka. Anauliza mpaka leo: "Kwa nini Déo alishuka? Hakuwa mutu wa kushuka."

Sasa nikuambie ya siku ile ingine.

Ilikuwa saa nane ya muchana, mvua inanyesha. Zawadi, musichana anayeishi nyuma ya kituo, alikuwa na uchungu toka usiku, uzazi wa kwanza. Niliweka mukono, nikaona mutoto amelala kuvuka tumbo. Hiyo haitoki bila kupasuliwa. Bwana yake alikuwa safarini Bunyakiri. Tulimulaza kwenye kiti ya nyuma, kichwa yake kwenye mapaja ya mama-mukwe wake, Maman Nabintu, na nikaanza kushuka kuelekea mujini. Kiti ya kushoto ilikuwa tupu. Nilikuwa bila macho.

Pale kwenye muteremuko wa Bagira nikaona jeep mu kioo. Nyeusi, vioo vyeusi, taa zinawaka na kuzima. Klaksoni, klaksoni. Nilitaka kumupisha, Tonton, nakuapia. Lakini kuume ni kanivo imejaa maji, kushoto malori yanapanda. Nilisema kwa sauti, kama mwendawazimu, "Ngoja kidogo, papa, ngoja kidogo." Akanisukuma. Kop! Chuma kwa chuma. Zawadi akalia. Nilikaza volani kwa mikono miwili.

Alipita kwenye kona, pale ambapo wewe hungepita hata kama nyumba yako inaungua, akakata mbele yangu na kusimamisha jeep yake kuvuka barabara. Akashuka. Mutu wa makamo, shati nyeupe, viatu vya kuvaa arusi. Alikuja kwenye mulango yangu anapiga kioo na ngumi.

"Shuka! Shuka, wewe mwanamuke! Nani alikupa permi ya kuendesha?"

Nilikuwa nimefunga milango yote. Nilifanya kama wewe. Niligusa kitambaa changu cha kichwa, nikasema, "Pardon, muzee. Niko na mugonjwa." Maman Nabintu naye alikuwa anapiga kelele nyuma: "Tunabeba mama wa kuzala! Utuhurumie!" Sijui kama alisikia. Alishika kioo cha pembeni, akakizungusha mpaka kikavunjika, akakitupa mu maji. Halafu akaja mbele. Akaweka mikono miwili juu ya kifuniko cha moteri, akainama, akaniangalia mu macho.

"Sitoki hapa," akasema. "Tutalala hapa hapa."

Tonton, sikumuona tena yeye. Niliona yule wa Nyawera. Meno yale yale, kucheka kule kule. Nyuma yake kulikuwa jeep yake, na kati ya jeep na gari yako kulikuwa nafasi ya mutu mumoja tu. Vitesi ya kwanza, gia ya kuondokea, ilikuwa imeingia.

Watu wote wanasema muguu iliteleza. Maman Nabintu ndiye alikuwa wa kwanza kusema hivyo, pale lopitali, na wakati wa kusema aliniangalia mimi. Haikuteleza. Nilikanyaga. Nilitaka.

Gari iliruka. Ilimufikia kwenye magoti, ikamusukuma mpaka mugongo yake ikagonga jeep, na nikaona uso yake inabadilika. Kinywa wazi, sauti hakuna. Uso ile naijua. Wamama wawili waliniangalia hivyo mu kazi yangu, na hao wawili hawakupona.

Ningependa kukuambia kwamba nilisikia sauti yako. Sikuisikia. Ni uchungu ulimubana Zawadi, akalia kile kilio cha mwisho-mwisho, na mimi nikageuka kwake, kama ninavyogeuka kila siku, bila kuwaza. Muguu ikatoka kwenye mafuta. Ni hivyo tu. Kama Zawadi angenyamaza kidogo, mutu yule angekuwa amekufa, na mimi ningekuwa nilimuua, mu gari yako.

Nilirudisha gari nyuma kidogo. Alibaki amesimama mu mvua, anashika mapaja yake kama mutu anayetafuta kitu mufukoni. Halafu akaja polepole upande ule wa kioo kilichovunjika. Hakupiga kelele tena.

"Mama," akasema, "ulitaka kuniua."

Nikamujibu, "Ndiyo."

Alisikia. Alirudi kwa jeep yake anachechemea, kiatu yake moja ilibaki mu matope. Alijaribu kuwasha moteri mara tatu, ilikuwa inamushinda. Kisha akasogea. Nikapita.

Mutoto ni musichana. Walimupasua Zawadi saa ile ile, na wote wawili ni wazima. Walitaka kumuita Nsimire. Niliwaomba wasifanye hivyo. Nilisema jina langu ni zito, ni la bibi yetu, lazima kuomba ruhusa ya ukoo. Nilidanganya, Tonton. Sikutaka tu mutoto yule abebe jina la mutu aliyekanyaga.

Toka pale naogopa. Gari yako inajulikana, nyeupe na mulango moja ya bluu. Kila jeep nyeusi ikisimama karibu na kituo, naingia mu chumba cha dawa na kuhesabu visanduku ambavyo nilikwisha kuhesabu. Naogopa atarudi na wenzake. Lakini kuko woga ingine, na hiyo ndiyo inanikosesha usingizi. Akirudi, mimi nitafanya nini? Nilikuwa nawaza kwamba wabaya wako mu zile gari zingine, nyuma ya vioo vyeusi. Nilikuwa nafunga milango ili wasiingie.

Juzi Maman Odile alikuja kunitembelea. Aliniletea maharagi, akakaa kwenye kitanda changu, akanisifu kama wengine. Halafu akacheka. "Déo angekufurahia. Yeye mwenyewe mu ujana alikuwa moto." Nikamuuliza, moto namna gani? Akafunga mulango kwanza. Ndipo akaniambia kitu ambacho wewe hukuniambia hata siku moja. Kwamba kabla ya kumuoa, kwenye barabara ya Bunyakiri, shofere mumoja alikukatia njia, na ulimupiga na chuma ya kufungulia tairi mpaka mukono yake ikavunjika mara mbili. Kwamba ulimubeba wewe mwenyewe mpaka lopitali. Kwamba ulikuwa unaenda kumulisha na kijiko kila asubui mpaka alipotoka, na hukuweza kumuangalia usoni.

"Kisha pale," Maman Odile akasema, "alinunua kofia. Akaanza ile 'aksanti, muzee' yake. Nilikuwa nawaza anacheza."

Miaka ile yote, Tonton! Niliketi kushoto kwako na kuona haya. Niliwaza unawaogopa. Kumbe ulikuwa unajua kile mukono yako inaweza kufanya. Mbona hukuniambia? Labda ulitaka kuniambia nikiwa mukubwa zaidi. Labda uliona nitakuogopa. Ningekuogopa kweli, na pengine siku ile pale Nyawera ningefunga kinywa.

Sikukuandikia ili unisamehe. Nakuandikia ili mutu mumoja ajue. Na jumamosi atajua wa pili. Nitapanda kwa Maman Odile, nitamwambia kwa nini ulishuka, neno kwa neno, na nitamwambia ya muteremuko wa Bagira. Kama atanifukuza, nitakuwa nimefukuzwa kwa jambo la kweli. Nimechoka na baraka zisizo zangu.

Wamama wa Kasha wataendelea kunihitaji, na nitaendelea kushuka nao. Mutu akinikatia njia, nitaondoa vitesi, nitavuta freni ya mukono, nitasema "aksanti, muzee" mpaka achoke. Wakinicheka, wanicheke.

Lala vizuri, Tonton Déo. Udongo wa Kasha usikulemee. Nakuahidi jambo moja: nitaiogopa hii muguu yangu kila asubui kabla ya kuwasha moteri. Na siku nikiona siiogopi tena, siku ile ile nitamurudishia Maman Odile gari yake, na nitatembea kwa miguu.

Mutoto wa dada yako,
Nsimire